Mita Mia Nane

Somo la kutua kwenye kiwanja kifupi huanza kwa miguu. Mwalimu anaegesha gari chini ya mgunga, anashuka na fimbo iliyochongwa ncha, na anamwambia mwanafunzi wake akaze kamba za viatu. Ni asubuhi mbichi kwenye tambarare za kaskazini mwa Tanzania, futi 4,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Ndege haipo. Imebaki mjini, imefungwa kamba, na haitaletwa hapa mpaka msichana huyu akijue kiwanja kwa nyayo zake. Mbele yao umelala ukanda wa udongo mwekundu wenye upana wa mita 15 na urefu wa mita 800, umewekewa mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili.

Wanatembea taratibu, mwalimu kushoto, binti kulia. Kila baada ya hatua chache mwalimu anachoma ardhi kwa fimbo. Ncha ikigoma kuingia, wanaendelea. Ikizama, anasimama, anapiga kisigino chini mara mbili na kuinama kutazama alama iliyobaki. Changarawe nyekundu iliyoshindiliwa hubeba gurudumu vizuri. Udongo mweusi wa mbuga hauaminiki: ukikauka hupasuka nyufa, ukilowa huteleza na kuganda kwenye magurudumu mpaka yashindwe kuzunguka. Kipande cha udongo huo kipo hapa, karibu na mwisho wa upande wa magharibi. Binti anakichora kwenye daftari lake. Anachora pia shimo la ngiri lililofukiwa juzi, kichuguu kinachoanza kuota pembeni, na mahali ambapo ng'ombe wamezoea kuvuka kwenda kunywa maji.

Urefu wanaupima kwa hatua, ingawa umeandikwa kwenye karatasi za kiwanja. "Namba ya mtu mwingine itumie ukishaihakiki," mwalimu anasema. Mteremko anaupima kwa chupa ya maji iliyojaa nusu, akiilaza chini na kutazama maji yamekimbilia upande gani. Kisha anamsimamisha binti kwenye mwisho wa mashariki, ambako ndege itaingilia, akamwonyesha mti mrefu ulio peke yake. Wanatembea tena hadi mwisho wa magharibi. Huko kuna kilima. Hapo ndipo anapouliza swali ambalo nilimsikia akilirudia kila siku: "Ukishindwa, utatokea wapi?"

Binti anatazama kilima, anatazama ukanda, anajibu kwamba atatokea kushoto, kwenye bonde. "Na ukiwa umeshagusa chini, umefika nusu ya kiwanja?" Hapo anakaa kimya. Ukanda huu una mahali ambapo rubani akishapita hawezi tena kubadili nia. Wanapatafuta pamoja, wanapapata, na mwalimu anageuza mawe mawili yaliyo karibu ili upande uliopakwa chokaa utazame anga. Hayo ndiyo mawe ya shauri. Magurudumu yasipokuwa yametulia chini kabla ya hapo, ndege inarudi juu.

Jua likishapanda kidogo, daftari linawekwa juu ya boneti ya gari na penseli inaanza kazi. Ndege yao ni Cessna 172, injini moja na viti vinne, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani: zaidi ya 40,000 tangu miaka ya 1950. Kitabu cha toleo lake la 172S kinasema kwamba ikiwa na uzito wake wote unaoruhusiwa, kilo 1,157, kwenye usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 15, juu ya lami kavu na bila upepo, inahitaji mita 407 kuanzia inapovuka kizuizi cha mita 15 hadi inaposimama kabisa. Katika hizo, mita 175 tu ndizo inazokimbia chini. Mita 232 zilizobaki zinaliwa hewani.

Mwalimu anapigia mstari namba hiyo ya mwisho. Watu hudhani ufundi wa kiwanja kifupi uko kwenye breki, kumbe zaidi ya nusu ya safari ya kutua imekwisha kabla tairi halijagusa ardhi.

Kisha wanaongeza. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza iliwahi kuwaandalia marubani wa ndege ndogo kanuni rahisi za kuongeza, na marubani wengi wanazitumia. Kwa kila futi 1,000 za mwinuko, ongeza asilimia 5. Kwa kila nyuzi 10 za joto lililozidi, asilimia 5 nyingine. Majani makavu yaongezewe asilimia 15, yaliyolowa asilimia 35. Ukitua kwa kuteremka mteremko wa asilimia 2, asilimia 10. Upepo wa mgongoni unaofika sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kutua unadai asilimia 20. Ukimaliza yote, zidisha jibu kwa 1.43, hiyo ikiwa akiba ya usalama kwa sababu wewe si rubani wa majaribio wa kiwandani na ndege yako si mpya.

Binti anazidisha. Mwinuko wa futi 4,000 unazigeuza mita 407 kuwa 495. Joto la nyuzi 27 saa za mchana, ambalo ni nyuzi 20 juu ya kiwango cha kawaida cha mwinuko huo, linazifikisha 545. Ukiweka akiba ya usalama unapata 780. Kiwanja kina 800. Mwalimu anamwomba aongeze upepo kidogo wa mgongoni, na jibu linapita 900. Anamwomba arudishe joto la asubuhi, nyuzi 17, aondoe upepo, na jibu linashuka hadi 743. Binti anafunga daftari. Sasa anajua kwa nini watakuja alfajiri, na kwa nini mimi nitabaki chini. "Mwandishi hapandi siku hiyo," mwalimu anasema bila kugeuka. "Kilo zake zinakula mita zangu."

Mtu anaweza kuuliza kwa nini viwanja vyenyewe visirefushwe. Vingi haviwezi. Kimoja kimebanwa na korongo, kingine na mlima, kingine kimo ndani ya hifadhi, na kingine kilichongwa kwa majembe na wanakijiji waliotaka tu mgonjwa wao amfikie daktari. Huduma ya madaktari wa angani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ilisimama juu ya viwanja vya namna hiyo. Daktari Anne Spoerry, aliyejulikana kwa jina la Mama Daktari, alijifunza kurusha ndege akiwa amepita umri wa miaka 40, kisha kwa miongo kadhaa akawa anatua peke yake kaskazini mwa Kenya na kwenye visiwa vya Lamu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege aina ya Dornier Do 27 iliyochorwa milia ya pundamilia, ndege iliyoundwa mahsusi kwa viwanja vifupi. Michael alikufa humo Januari 1959 baada ya kugongana na tumbusi. Kwa watu hawa, kutua pafupi ilikuwa kazi ya kila siku.

Baada ya kutembea na kuhesabu, mwalimu anampeleka binti mbali kabisa na ardhi. Wanapanda juu, maelfu ya futi juu ya mashamba, na huko wanaruka polepole. Nimekaa kiti cha nyuma. Mwalimu anaomba mwendo upungue, pua isishuke, kimo kisibadilike. Binti anavuta mpini mweusi wa pawa taratibu, anaongeza flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshuka ili bawa libebe vizuri kwenye mwendo mdogo. Sindano ya geji ya spidi inarudi nyuma: noti 70, 60, 50. Usukani unalegea mikononi. Pedali za miguuni, zinazogeuza mkia, sasa zinataka kukanyagwa kwa kina zaidi kwa kazi ileile. Honi ndogo ya onyo inaanza kulia kwa sauti nyembamba. Hapo ndege iko ukingoni: mwendo ukizidi kupungua, hewa itabanduka juu ya bawa, bawa litaacha kubeba, na pua itaanguka.

Wanaiacha ianguke. Marubani huita hali hiyo kustoli. Binti anasukuma usukani mbele, anaingiza pawa yote, bawa linashika hewa tena, ndege inapanda. Wanarudia. Wanarudia mpaka honi ile iache kumshtua na ianze kumpa habari. Mwalimu mikono yake ameilaza magotini, viganja juu, na haiondoki hapo. Nilijua baadaye kwamba anaiweka vile makusudi, binti aione kwa pembe ya jicho na kuelewa kwamba ndege ni yake. Vidole vyake vilikunjuka mara moja tu, pua ilipokwenda kushoto ghafla. Kabla havijafika kwenye usukani, binti alikuwa ameshakanyaga pedali ya kulia. Vidole vikarudi.

Sababu ya zoezi hili ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Nishati ya kitu kinachokimbia hukua kwa mraba wa mwendo wake: ndege ikija na asilimia 10 ya mwendo wa ziada, inabeba asilimia 21 ya nishati ya ziada, na yote lazima iishe ndani ya kiwanja. Kwa hiyo rubani wa kiwanja kifupi hana budi kuja polepole. Lakini akija polepole mno anastoli akiwa karibu na ardhi, mahali ambapo hakuna nafasi ya kujirekebisha. Desturi ni kuja na mwendo wa takriban mara 1.3 ya ule ambao bawa huacha kubeba. Kwa ndege hii ikiwa imejaa, ni noti 61, yaani kilomita 113 hivi kwa saa. Upepo ukiwa wa kurukaruka, huongezwa nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na ule wa dharuba. Nje ya hapo, noti 66 ni nyingi na noti 56 ni chache. Ufundi wote unaishi ndani ya nafasi hiyo ndogo.

Kazi inahamia kwenye kiwanja kirefu cha lami. Kila mtu mwingine anakitumia chote. Mwalimu anachagua mistari miwili ya rangi iliyo juu ya lami na kusema kwamba kiwanja kinaishia hapo: upande wa huku kuna mto, upande wa kule kuna ukuta. Binti atatua kati ya mistari hiyo. Akipitiliza, hakuna madhara isipokuwa namba itakayoandikwa daftarini.

Mzunguko unaanza. Ndege inakwenda sambamba na kiwanja, upepo ukiwa mgongoni. Binti anapitia orodha yake kwa mkono, akigusa kila kitu anachokitaja: mafuta, mchanganyiko wa hewa, mikanda, breki. Akiwa sawa na mstari wake wa kwanza anapunguza pawa na kushusha flapu kiasi. Anageuka, anashusha nyingine. Anageuka tena, na sasa kiwanja kiko mbele yake moja kwa moja. Hii ndiyo fainali. Flapu zote chini. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye mpini wa pawa. Kidole gumba kinakuwa juu ya kichwa cha mpini, na kidole cha shahada kimegusa ukuta wa dashibodi, ili ausogeze kwa unene wa shilingi na si zaidi.

"Pua inashika mwendo, pawa inashika kimo," mwalimu anasema. Sindano ikipanda hadi 64, anainua pua kidogo. Ndege ikizama kuliko inavyotakiwa, anaongeza pawa kidogo. Kila moja inaigusa nyingine, hivyo kila sahihisho linazaa sahihisho dogo zaidi, na hilo linazaa jingine, mpaka yote yanakuwa madogo kiasi cha kutoonekana. Mwanafunzi asiyezoea husahihisha sana na kwa kuchelewa. Anayezoea husahihisha kidogo na mapema. Nahodha wa jahazi hutua tanga akiwa bado mbali na gati kwa sababu chombo kina mwendo wake hata upepo ukiondolewa. Binti naye anajifunza kupunguza pawa kwa ajili ya mahali ambapo ndege itakuwa, si mahali ilipo.

Macho yake yako kwenye mstari. Kwenye kioo cha mbele kuna nukta moja tu isiyosogea, na hiyo ndiyo nukta ambayo ndege inaielekea. Mstari ukipanda kwenye kioo, ndege itaanguka kabla yake. Ukishuka, ndege itaupita. Ukikaa palepale na kukua tu, njia ni sahihi. Kutoka kiti cha nyuma niliweza kuuona mstari ule ukicheza juu na chini katika safari za mwanzo. Baadaye ulituama, nao ulipotuama mwalimu aliacha kusema.

Halafu kuna mita kumi za mwisho. Ndege ikishuka chini kuliko urefu wa mabawa yake, ambao ni mita 11, ardhi huanza kuisaidia: upinzani wa hewa unapungua, na ndege yenye mwendo wa ziada inaelea. Inaelea vizuri, kwa utulivu, huku mita za kiwanja zikiisha chini yake. Hapa ndipo noti tano za ziada, ambazo huko juu zilionekana si kitu, hudai malipo. Binti anapokuja na 61 kamili, anainua pua mara moja tu, pawa inakwenda sifuri, honi inalia kidogo, na magurudumu mawili ya nyuma yanagusa kwa kishindo kifupi. Abiria wa ndege kubwa angekunja uso. Mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Kutua laini kunahitaji nafasi ya kubembeleza, na kiwanja kifupi hakina nafasi hiyo.

Mara tu anapogusa, mkono wa kulia unapandisha flapu ili uzito uhame kutoka kwenye mabawa na kukaa juu ya matairi, maana breki haziwezi kushika gurudumu lisilobebeshwa. Usukani unavutwa nyuma mpaka mwisho, kulipunguzia mzigo gurudumu la mbele, ambalo ndilo dhaifu. Kisha breki, kwa nguvu lakini bila kuyafunga magurudumu. Kwenye lami tairi lililofungwa huchubuka. Kwenye changarawe huteleza, na mawe hurushwa kwenye mkia. Ndege inasimama. Binti anatazama dirishani kuona ni mstari gani uko chini yake, anaandika, na wanarudi kuanza upya.

Lakini zoezi ambalo mwalimu aliliheshimu kuliko yote ni lile la kutotua. Ilikuwa njia nzuri, mstari umetulia, sindano iko 61, na yeye akasema kwa sauti ya chini: "Ng'ombe." Hakukuwa na ng'ombe. Binti aliingiza pawa yote, akaishika pua isiruke juu, akapandisha flapu hatua moja, akangoja mwendo ukue, kisha akapanda. Mwalimu alisema neno hilo wakati wowote: juu, chini, hata magurudumu yakiwa yamebakiza urefu wa mtu. Alitaka kuzunguka tena kuwe jambo la kawaida mkononi mwa mwanafunzi wake, lisilo na aibu wala uzito wa kushindwa. Rubani anayeona haya kuzunguka tena, aliniambia, atakuja kulazimisha siku moja, na siku hiyo haitakuwa kwenye kiwanja kirefu.

Hatimaye wakaenda kwenye udongo mwekundu. Mimi nilikuwa nimetangulia na gari, pamoja na kijana wa pikipiki ambaye kazi yake ni kuwaondoa ng'ombe. Tuliisikia ndege kabla ya kuiona. Ilipita kwanza juu ya ukanda, chini lakini si chini mno, upande mmoja wa kiwanja ili binti akione chote kupitia dirisha lake. Alikuwa anatafuta vitu vilevile alivyovichora: shimo lililofukiwa, njia ya ng'ombe, weusi wa ule udongo. Soksi ya upepo ilikuwa imelala. Ndege ikazunguka.

Kutoka hewani, kiwanja chembamba hudanganya. Jicho lililozoea lami pana likiona ukanda mwembamba hudhani liko juu sana, na mkono hushusha ndege kuliko inavyofaa. Kiwanja kinachopanda mlima hudanganya vivyo hivyo. Huko Lukla nchini Nepal, ambako njia ya kurukia ina mita 527 na inapanda kwa karibu asilimia 12, ndege hutua kwa kupanda na kuruka kwa kuteremka, kwa kuwa mlima uko mwisho wake. Na mwinuko una udanganyifu wake pia. Hewa ya futi 4,000 ni nyepesi, hivyo geji inaposoma noti 61 ndege inakata ardhi kwa karibu noti 67. Macho yanasema tunakimbia mno. Mwanafunzi anayeyatii macho anapunguza mwendo, na hapo honi inaanza kulia akiwa bado juu ya miti. Ndiyo maana waliuzoea ule mlio mapema.

Mara ya kwanza ilikuja vizuri mpaka karibu na mti, halafu ikaonekana kuelea. Magurudumu yalikuwa bado hewani ilipoyakaribia mawe mawili yaliyogeuzwa. Injini ikanguruma, pua ikainuka kwa kipimo, ndege ikapita mbele yetu na kukata kushoto kuelekea bondeni. Kijana wa pikipiki alicheka, akidhani wameogopa. Mimi nilikuwa nimeona daftari, nikajua kwamba nimeshuhudia jibu la swali la asubuhi ile.

Mara ya pili mti ulipitwa kwa nafasi ndogo, sauti ya injini ikafa, na magurudumu yakagusa mita chache baada ya mawe ya mwanzo. Vumbi likainuka nyuma ya kila tairi. Flapu zikapanda. Pua ikakaa chini taratibu, mkia ukatulia, na ndege ikasimama ikiwa imebakiza sehemu kubwa ya kiwanja, mbali na udongo mweusi. Mlango ukafunguliwa. Binti alishuka kwanza, akaenda moja kwa moja kutazama matairi, kisha akarudi kwa miguu kwenye alama zake za kugusa na kuanza kuhesabu hatua.

"Shikamoo, Kapteni," kijana wa pikipiki akamsalimu mwalimu.

"Marahaba. Lakini kapteni ni huyo," mwalimu akajibu, akionyesha kwa kidevu.

Walitua tena asubuhi ileile mpaka joto lilipofika lile la daftarini, na lilipofika wakaacha, ingawa binti alikuwa anataka kuendelea. Hesabu ilikuwa imefanywa mapema na hakukuwa na la kujadili.

Wengi wetu tutakutana na kazi hii tukiwa abiria: tunakwenda mbugani, kisiwani, au tunamsindikiza mgonjwa kutoka mahali ambapo barabara imekatika. Rubani akikuuliza uzito wako mbele za watu, mtajie wa kweli. Akisema begi moja libaki, liache libaki. Akiahirisha safari kwa sababu ya jua la saa nane au mvua ya jana, usimhesabie uvivu. Na akikaribia kutua, kiwanja unakiona kabisa chini yako, kisha akaingiza pawa na kupanda tena, kaza mkanda na umwache afanye kazi yake. Huyo amefundishwa vizuri.